Watu Wazima, Saa Kumi

Mwaka 2017, mvua za Aprili zikiwa zimeshika kasi na barabara ya kutoka mjini Arua kwenda Pajulu imegeuka uji mwekundu, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane wa miaka mitatu, na mwenye banda la video lisilokuwa tena na watazamaji. Lilikuwa na simu. Asubuhi moja nilizihesabu: simu kumi na saba zimepangwa juu ya mabenchi, kila moja na waya wake, zikichaji kwa sola niliyoinunua kwa ajili ya televisheni. Wenyewe walikuwa kazini. Simu zilikaa pale walipozoea kukaa wao, zikitazama televisheni iliyozimwa.

Nyumba haikuwa yetu. Marehemu mume wangu aliikodi tarehe 1 Oktoba 2009, kwa mkataba wa miaka kumi, kutoka kwa hajati mmoja wa Koboko, mama aliyekwisha kuhiji, mzao wa wale askari wa Kisudani wa enzi za ukoloni ambao wajukuu wao ndio Waislamu wa mjini kwetu hadi leo. Mbele palikuwa na chumba kirefu cha banda. Nyuma palikuwa na chumba tulichoishi. Kupoteza banda kungekuwa kupoteza kitanda pia.

Biashara yetu ilikuwa na hesabu yake ya ajabu. Mchana tulionyesha sinema za ngumi, zilizotafsiriwa na mtu wa Kampala aliyepiga kelele kuwapita waigizaji. Jumamosi tulionyesha mpira. Vyote viwili vilijaza mabenchi, lakini mpira uliliwa na ada ya dishi, na ngumi zikaliwa na mafuta ya jenereta. Kilichotulipa kilikuwa saa moja tu, saa nne ya usiku, ambapo mume wangu alibandika mlangoni karatasi yenye maneno mawili, “Watu Wazima”, na kiingilio kikapanda mara tatu. Sheria ilizikataza picha zile za uchi wakati ule kama inavyozikataza sasa. Diski moja, iliyovuka mpaka kutoka Kongo ndani ya gunia la mihogo mikavu, ilitulisha mwezi mzima, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nayo.

Mimi sikuingia saa hiyo. Nilikaa chumba cha nyuma na daftari langu, kwa maana mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini kamili, nilijiandikisha katika elimu ya watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu alikuwa karani mstaafu wa jeshi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata Jumapili, ambaye alitufundisha Kiswahili cha vitabuni kana kwamba anakagua gwaride. Vitabu vyangu na ada yangu vilitoka katika saa ile ya usiku. Watu wazima wa usiku walimsomesha mtu mzima wa mchana. Naliandika hili bila kuinamisha kichwa. Nisipoliandika, maandishi haya yatakuwa ya uongo tangu herufi ya kwanza, kwa kuwa hata herufi zenyewe zililipiwa hivyo.

Mabadiliko yalipanda kwa ngazi mbili. Kwanza walikuja wenye kompyuta karibu na stendi ya mabasi, waliomjazia mtu memori kadi kwa bei ya soda. Mteja alinunua mara moja, akamwazima ndugu, ndugu akamwazima jirani, na jioni wote watatu walikuwa nyumbani kwao. Mume wangu aliwaita wezi. Nao, kwa kweli, walikuwa wakimwibia kitu alichokuwa ameibiwa mtu mwingine mbali zaidi. Alifariki tarehe 9 Machi 2014, kabla ya kuiona ngazi ya pili. Bando za intaneti zilishuka bei, simu za kugusa zikaenea hadi kwa wauza nyanya, na wenye kompyuta nao wakafunga milango. Nakiri kwamba siku hiyo nilitabasamu.

Asubuhi ile ya simu kumi na saba, mwendesha bodaboda mmoja alikuja kuchukua yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na watoto saba, na zamani alikuwa na nafasi yake maalumu kwenye benchi la tatu.

“Mbona usiku huji tena?” nilimwuliza.

“Mama, ile kitu sasa iko bure. Mutu analipa bando tu, anaangalia chini ya blanketi yake.”

“Na wanaozitengeneza, nani anawalipa?”

Alikuna kichwa. “Hiyo mimi sijui. Labda Mungu.”

“Mungu halipi hiyo.”

“Basi mimi nalipa wewe ya chaji,” alisema, akacheka hadi kofia yake ya chuma ikamponyoka mkononi.

Swali langu halikuwa la mzaha. Nililipeleka kwa mwalimu, ambaye husoma magazeti hadi kurasa za matangazo. Alivua miwani kabla ya kujibu, kama afanyavyo kila jambo linapomtia haya. Akanieleza kwamba siku hizi tovuti kubwa hutoa picha zile bure, kisha huuza macho ya watazamaji kwa wenye matangazo. Kwamba kampuni zilizokuwa zikiuza diski zimebaki na maghala. Kwamba wanawake wa huko nje ambao zamani walilipwa kwa siku sasa hulipwa kidogo kuliko zamani. Na kwamba wengine wao wameachana na kampuni, huketi vyumbani mwao na simu, wakimwuzia mtazamaji mmoja mmoja, na mwenye tovuti hukata sehemu yake mlangoni.

“Kumbe mwenye banda hakufa,” nilisema.

“Amehama,” alijibu mwalimu. “Amejenga banda moja lisilo na kuta.”

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi wa ajabu. Kwa miaka mitatu nilidhani banda lilikufa kwa sababu mjane hajui biashara. Hivyo ndivyo shemeji zangu walivyosema, na usiku mwingine niliwaamini. Sasa nilielewa alichokuwa akiuza mume wangu. Alikuwa akiuza uhaba. Uhaba ulipokwisha, hata yeye mwenyewe, pamoja na ujanja wake wote, angebaki na mabenchi matupu. Ningependa kuandika kwamba niliziondoa picha zile kwa uchamungu, lakini ziliondoka zenyewe. Mara ya mwisho kubandika ile karatasi ilikuwa tarehe 30 Juni 2017. Alikuja mtu mmoja, na huyo alikuja kuulizia chaja yake.

Kwa mwaka mmoja na nusu nililipa kodi kwa chaji na kwa muhogo wa shamba langu la Logiri. Kisha, Januari 2019, ukumbi wa kanisa uliezuliwa bati ili ujengwe upya, na darasa la mwalimu likakosa mahali. Nilimwambia: “Mimi nina mabenchi kumi na mawili, na ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeupe.” Alifahamu vizuri ukuta ule ulipakwa rangi nyeupe kwa ajili gani. Alivua miwani, akaivaa tena, akasema: “Ukuta mweupe hauna dhambi.”

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu maarufu. Nilitaka kibao cha kuwaalika wanafunzi wapya. Mchora vibao alitoza kwa herufi, nami sikuona sababu ya kulipia herufi zisizo na kazi. Sisi tuliosoma katika lile darasa tulikuwa na desturi ya kulifupisha jina lake. Mtu akikuuliza njiani, “Unaenda wapi?”, ulijibu, “Naenda watu wazima.” Miaka minane nililisema hivyo, likawa kwangu jina la daftari na chaki tu. Kwa hiyo niliagiza kibao, na kibao kikatundikwa juu ya mlango ule ule, kikisomeka:

WATU WAZIMA
JUMATATU NA JUMATANO
SAA KUMI
HAKUNA KIINGILIO

Jumatatu tarehe 4 Februari 2019, saa tisa na nusu alasiri, jua la kiangazi likichoma, nilifungua mlango nikakuta foleni. Wanaume thelathini na mmoja. Niliwahesabu kwa furaha, kwa kuwa katika ukumbi wa kanisa hatukuwahi kuwa na wanaume zaidi ya wanne. Wanaume wa kwetu huona haya kushika kalamu mbele ya wake zao. Nikaona wengi wamevuta kofia hadi kwenye nyusi, nikadhani ni jua. Mfanyabiashara mmoja wa Sudani Kusini, mrefu hata akalazimika kuinama mlangoni, alinishika mkono akasema, “Asante sana, mama. Tulisikia ulifunga.” Mwendesha bodaboda wangu aliketi moja kwa moja kwenye benchi la tatu. Wanafunzi wetu wa zamani, wanawake tisa wenye madaftari, walikaa mbele wakiwageukia wageni kwa mshangao, na wageni waliwatazama wanawake kwa mshangao mkubwa zaidi.

Saa kumi kamili mwalimu aliingia na suruali yake ya pasi. Aliandika ukutani kwa mkaa herufi moja kubwa, akageuka.

“Hii ni A.”

Mahali fulani nyuma mtu alimnong’oneza mwenziwe, na banda lile limejengwa kwa namna ambayo mnong’ono husikika kila pembe:

“Hii ni tangazo, ao ni yenyewe?”

Mwalimu, aliyekuwa haelewi lolote, alijibu kwa dhati: “Ni yenyewe. Leo hii tutaongeza nyingine nne.”

Ndipo nilipokitazama kibao kwa akili za mtu wa barabarani, na damu ikanipanda usoni. Nilingoja wasimame waondoke. Hakusimama hata mmoja. Nilichukua muda kuelewa kilichowashika. Wa kwanza kusimama angekuwa amekiri mbele ya wake za watu, mbele ya mwalimu, na mbele ya shemeji yake aliyeketi pembeni, kwamba hakuja kwa ajili ya A. Kwa hiyo walikaa, wote thelathini na mmoja, saa nzima, wakiimba A, E, I, O, U kwa sauti nzito kama kwaya ya mazishi, na jasho likiwatiririka. Walipotoka, kila mmoja alimwambia mwenziwe kwa sauti ya juu jinsi alivyokuwa ameitafuta elimu kwa muda mrefu.

Mwendesha bodaboda alibaki nyuma, nami nilimfungia njia.

“Wewe si uliniambia kitu hiyo iko bure kwenye simu? Ulikuja kutafuta nini?”

“Mama,” alisema, akitazama viatu vyake, “simu ni ya mutu moja. Hapa tulikuwa tunacheka pamoja.”

Jibu lile lilinikaa kifuani kwa siku nyingi. Jumatano walirudi kumi na wanane, kwa sababu waliorudi waliogopa kusemwa na wasiorudi, na wasiorudi walitaniwa sokoni kwamba wamefeli A. Kufikia Mei walikuwa kumi na wanne wa kudumu. Walicheka pamoja tena. Safari hii walimcheka yule mrefu wa Sudani Kusini, ambaye kila alipoandika jina lake alilikuta limeishiwa na nafasi kwenye mstari, naye aliwacheka kwa kuwa jina lake angalau lilianza kwa herufi kubwa.

Kibao sikukibadilisha. Mchora vibao alitaka bei mpya, na nilikuwa na kiburi: neno lilikuwa sahihi, wenye makosa walikuwa wasomaji. Kiburi hicho kilinigharimu usingizi. Mwezi Agosti mtu alikipiga picha na kuituma kwa simu hadi Koboko. Hajati alinipigia jioni hiyo hiyo.

“Mke ya marehemu! Watu wazima iko ndani ya nyumba yangu tena?”

“Ni elimu, hajati. Elimu ya watu wazima.”

“Mimi naona hapa watu wazima, naona hakuna kiingilio. Elimu mimi haioni. Mkataba inaisha mwezi ya tisa. Kuja Koboko.”

Nilikwenda Alhamisi tarehe 22 Agosti. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, akisuka sinia la ukindu la rangi nne, miguu imenyooshwa mbele kama msichana. Alinipa chai ya tangawizi kabla ya kunigombeza. Kisha akanieleza bila kuficha: muuza simu mmoja wa Arua alikuwa anaitaka nyumba. Angeweka vioo mbele, angeuza simu na bando, na angelipa kodi ya mwaka mzima mkononi. Nilikaribia kucheka. Kitu kile kile kilichomaliza banda langu sasa kilikuwa kinabisha hodi kikitaka na kuta zake, na chumba changu cha nyuma kiwe stoo.

“Muuza simu iko na pesa,” alisema hajati. “Wewe iko na nini?”

“Nina wanafunzi ishirini na watatu.”

“Miaka kumi mimi nasikia mambo ya nyumba ile. Bwana yako ananiambia ni mpira. Mpira gani inachezwa saa nne ya usiku na mlango imefungwa? Mimi nilikula kodi, nilinyamaza, nilimwambia Mungu anisamehe. Sasa iko miaka sabini na nane. Kunyamaza tena hapana. Ile neno, watu wazima, sitaki kwa karatasi ya mkataba mpya.”

“Basi tuandike wakubwa. Shule ya wakubwa.”

“Astaghafiru! Picha ya wakubwa ndio baya kabisa!”

“Shule ya wazee?”

Hapo nilijikatalia mwenyewe, kwa sababu tulikuwa na mwanafunzi wa miaka ishirini na tisa ambaye angelirarua daftari.

“Andika waliochelewa,” alisema hajati.

Niliweka kikombe chini. “Hajati, kwa heshima yako yote, hilo sitaliandika. Mimi sikuchelewa. Nilikuwapo tangu mwaka 1971. Shule ndiyo iliyochelewa kufika kwetu.”

Alinielekezea sindano. “Kiburi hii,” alisema, “mbona bwana yako haikuniambia?” Lakini mdomo wake ulikuwa unacheza. “Nenda. Mimi nitakuja na macho yangu.”

Njia yote ya kurudi niliyafikiria yale maneno. Intaneti ilikuwa imeichukua biashara ile, wateja wake, faida yake na aibu yake, ikaviingiza vyote mfukoni mwa kila mtu. Jina lake tu ndilo ililoacha, likabaki limening’inia juu ya mlango wangu, na sasa kila neno la Kiswahili lenye maana ya mtu aliyekua lilikuwa limechafuliwa nalo.

Alikuja Jumatatu tarehe 23 Septemba, wiki moja kabla ya mkataba kwisha, bila kupiga simu. Gari la mpwa wake lilisimama nje saa kumi na dakika ishirini. Aliingia, akakataa kiti cha mbele, akaketi nyuma kabisa akiwa na mtandio wake mweupe. Mwendesha bodaboda alikuwa amesimama ukutani akisoma sentensi ya siku ile, kidole chini ya kila neno: “Mvua ikinyesha, tunapanda mahindi.” Alipomaliza, makofi yalipigwa. Hajati aliinua mkono.

“Wewe baba ya tumbo. Siku ya kwanza ulikuja hapa kutafuta nini?”

Nilimwomba Mungu ampe uongo mzuri.

“Picha, hajati,” alisema. “Nilikuja kutafuta picha.”

“Na ulipata nini?”

“A.”

Sijui nani alianza. Nakumbuka yule mrefu akipiga benchi kwa kiganja, wanawake wa mbele wakijifunika nyuso kwa madaftari, mwalimu akivua miwani na safari hii akifuta machozi, na hajati akicheka bila sauti, mabega yakitikisika, hadi mtandio ukamteleza begani. Aliondoka bila kusema neno kuhusu nyumba. Mwisho wa mwezi ulipita. Siku nane nililala katika nyumba isiyo na karatasi, na kila gari lililosimama nje nililisikia kuwa la muuza simu.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019 aliniita Arua Hill, kwenye ofisi ambako mikataba huandikwa mbele ya shahidi wa serikali. Alikuwa amefika kabla yangu. Karani aliandika majina yetu, mipaka ya kiwanja, na muda, miaka kumi. Kisha akafika kwenye mstari wa matumizi ya nyumba, akauliza.

“Elimu ya…” nilianza, nikasita.

“Ngoja,” alisema hajati. “Shule ya watoto, nyinyi naandika kwa mlango kwamba ni ya watoto?”

“Hapana, hajati,” alisema karani. “Inaandikwa shule.”

“Basi hii pia. Andika: nyumba ya kusoma.”

“Kusoma kwa nani?”

“Kwa mutu anaingia.”

Nilitazama kalamu ya karani ikiandika. Miaka minane ya shule, na miezi minane ya kubishana na kibao, na sikuwahi kufikiri kwamba neno lile lingeweza kuachwa tu. Hajati aliniamuru nisome mkataba wote kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, nami nikasoma nimesimama, kila koma nikiipa haki yake, hadi nilipofika mwisho na kumwambia karani kwamba ameandika tarehe saba, na leo ni tarehe nane. Alikata, akarekebisha, akaweka alama yake pembeni.

“Wanawake ya Arua na kiburi yao,” alisema hajati, akiivuta karatasi upande wake, na tukatia sahihi, yeye kwanza, kisha mimi.